Habari Njema za Kinyozi

Kinyozi alikuwa mwongo wa daraja la juu, na ajabu yake ni kwamba uongo aliuanza ukubwani. Mpaka mvi za kwanza zinamtoka alikuwa mtu wa kweli tupu, hata katika yale mambo ambayo watu wenye akili zao hudanganya, kama vile kusifia upishi wa mama mkwe. Kilichomharibu kabisa ni matibabu.

Ilianza hivi. Asubuhi moja, bila hili wala lile, alikuwa anamnyoa ndevu mteja wake wa siku nyingi, fundi bomba mnene mwenye tabia ya kusinzia kitini. Redio inaimba, povu limekaa vizuri, wembe unateleza. Alipofika chini ya taya, pale ngozi inapokuwa laini na mshipa unaonekana ukipiga, wazo likamjia: je, nikimkata? Si kwamba alitaka kumkata. Yule fundi bomba alimpenda kama ndugu yake. Wala hakuwahi kumkata mteja hata mmoja tangu afungue lile duka. Lakini wazo lilishaingia na kukaa kitako. Mkono ukaanza kutetemeka, kijasho chembamba kikamtoka, mate yakamkauka. Akasingizia kwamba wembe umeisha makali, akamalizia kwa mashine, na fundi bomba akaondoka na kidevu kama jamvi.

Tangu siku hiyo wembe ulikaa kwenye droo. Kila aliyekuja kunyoa ndevu aliambiwa wembe unaleta vipele, mashine ndiyo usafi wa kisasa. Mtaani hawakukawia kumpa jina, wakamwita Mashine. "Mashine, upo?" Aliitikia huku anacheka, na kila alipoitikia aliumia.

Msimcheke. Hofu ingekuwa na adabu ingebaki kwenye wembe, lakini haikubaki. Ilihamia kwenye mkasi, kisha ikamfuata mpaka nyumbani na kuingia kwenye kisu cha mkate. Mkewe, karani wa ghala asiyependa kuzungushwa kwa maneno, aligundua siku alipomkuta mumewe anaumega mkate kwa mikono miwili kama mtu anayeamua ugomvi.

"Baba watoto, kisu kimekukosea nini?"

"Nimependa tu hivi."

"Tangu lini umependa hivi?"

Akajibaraguza, akapiga chenga mbili tatu, mwishowe akakaa chini akasema kila kitu, na machozi yakamtoka. Mkewe hakucheka. Kwa mdomo aliojaliwa yule mama, kutocheka kulikuwa ni mapenzi makubwa.

"Pale kituo cha afya kuna kijana," alisema. "Ana chumba chake mwisho wa korido. Watu wanaingia wamekunja sura, wanatoka wameikunjua. Utakwenda."

"Nikamwambie nini?"

"Haya haya uliyoniambia mimi. Na usimfiche kitu."

Akaenda. Kilikuwa chumba kidogo chenye viti viwili vinavyotazamana, stuli yenye boksi la tishu, na saa ya ukutani iliyotundikwa nyuma ya kichwa cha mgonjwa ili mshauri peke yake ndiye aione. Mshauri mwenyewe alikuwa kijana aliyemaliza masomo juzi juzi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, na kidevuni alifuga ndevu kwa jitihada kubwa ili wagonjwa wasimuulize daktari yuko wapi.

"Shikamoo, mzee," alisema, akasimama kabisa.

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari, mzee wangu. Ni mshauri tu."

"Sawa, daktari."

Hapo hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wote wawili walikaa wakitabasamu. Mtu akishaitikia marahaba amekwisha kuwa mkubwa. Kazi ya mkubwa ni kusikiliza shida za wadogo, kutikisa kichwa, na kusema yatapita tu. Ataanzaje kumwambia aliyemwamkia kwamba anaogopa mkate? Kinyozi akajikaza kisabuni, akasema habari ya wembe, maana alikuwa amemwahidi mkewe. Ya mkasi akaimeza. Ya kisu cha mkate akaimeza pia, na ikamkwama.

Tumpe kijana haki yake, alisikiliza vizuri. Hakucheka wala hakushtuka. Alieleza kwamba wazo ni wazo tu, si kitendo, na kwamba kulikimbia ndiko kunakolinenepesha. Kisha akachora ngazi ubaoni. Chini kabisa kinyozi ataushika wembe tu, basi. Akishazoea, atanyoa puto lililopakwa povu, baadaye mkono wake mwenyewe, halafu rafiki, na juu kabisa mteja, chini ya taya, penye mshipa.

"Tutapanda taratibu," alisema. "Hakuna anayetukimbiza."

Kinyozi alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyetua gunia. "Yule kijana ana akili," alimwambia mkewe, na alimaanisha.

Wiki ile alifungua droo, akautazama wembe, akaifunga droo. Alhamisi, siku yake ya matibabu, akaenda akasema ukweli: hakuweza. Mshauri akasema hakuna tatizo, kwa sauti nzuri kabisa. Lakini kinyozi ni mtu aliyetumia maisha yake kusoma nyuso za watu kwenye kioo. Aliyaona mabega ya kijana yakishuka, akaona kifuniko cha kalamu kikiingia mdomoni na kutafunwa. Wiki iliyofuata hakuweza tena, na alipokuwa akitoka alimsikia mkuu wa kituo, mama mwenye miwani ya kamba, akiuliza kwenye korido, "Yule mzee wako anaendeleaje?" na kijana akijibu, "Bado bado, mama," akitazama viatu vyake.

Njia nzima kinyozi alijilaumu. Mtoto wa watu amesoma, amepiga pasi shati, amenisimamia, mimi namvunja moyo. Alhamisi iliyofuata, alipoulizwa wiki imekwendaje, mdomo ukafunguka wenyewe.

"Nimeushika," alisema.

Lo! Ungeuona uso wa yule kijana. Uling'aa kuliko shati lake. Aliinuka, akakaa, akainuka tena, akaweka alama kubwa kwenye ngazi pale ubaoni, akauliza ulijisikiaje, mkono ulitulia baada ya muda gani, na kinyozi akajikuta anajibu kila swali kwa ufasaha ambao hakujua anao. Alitoka pale amefurahi. Alikuwa amemsaidia mtu.

Baada ya hapo ngazi ilipandwa kwa kasi. Alinunua maputo, akayapaka povu, akalifuta lile povu kwa mpini wa kijiko, na Alhamisi akayapeleka kwenye mfuko yakiwa mazima, hakuna lililopasuka, mshauri akayapanga dirishani kama zawadi. Mkewe alimfuma jikoni katikati ya shughuli.

"Hayo ndiyo matibabu?"

"Ndiyo."

"Na kijiko?"

"Kijiko pia."

"Daktari anakijua hicho kijiko?"

Kinyozi akashikwa na kikohozi. Mkewe akamtazama mpaka kikohozi kikaisha. "Mimi ni karani wa ghala," alisema. "Najua mzigo uliofika na mzigo uliosemwa umefika. Haya, endelea kulipaka puto sabuni, mwanaume mzima." Na yeye akakata mkate.

Ngazi ilipofika kwa mteja, kinyozi alihitaji mteja. Akambuni. Alimpa uzee, ili apewe heshima, na akampa kidevu chenye mashimo ya ndui, ili kazi ionekane ngumu. Alikusudia kumtumia mara moja tu. Lakini mshauri alimpenda yule mzee siku ile ile. Alhamisi iliyofuata, kabla hata ya kukaa, aliuliza, "Na mzee wetu wa kidevu, hajambo?"

Basi mzee akaendelea kuja dukani. Akapata mguu unaouma nyakati za baridi, binti aliyeolewa mbali, jirani waliyegombana naye kwa sababu ya ukuta. Kuna Alhamisi walizungumza habari za ule ukuta tangu mwanzo mpaka mwisho, mshauri akitoa ushauri mzuri wa namna ya kupatana na jirani, kinyozi akiahidi kuufikisha. Mara moja, akiwa amechoka, alijaribu kumwondoa. Alisema mzee amehamia kwa binti yake moja kwa moja. Mshauri alitazama dirishani kwenye maputo, akasema kwa sauti ndogo, "Hata hakuaga." Wiki iliyofuata mzee akarudi. Kinyozi alisema hali ya hewa ya kule ilimkataa.

Sasa sikilizeni upande wa pili, kwa sababu kila kinyozi alipopanda ubaoni, dukani alishuka. Usiku alianza kuota maji ya kunyolea yakiwa mekundu. Mkasi aliufunga ndani ya taulo, taulo akaliweka juu ya kabati. Kisha siku moja, katikati ya mchana, akiwa anapitisha mashine nyuma ya sikio la karani wa benki, wazo lile lile likamjia, je, nikimkata, kama kwamba mashine nayo imekuwa wembe. Alizima mashine. Alisema umeme umekatika. Karani wa benki akatazama redio, ambayo ilikuwa inasoma habari, akatazama feni, iliyokuwa inazunguka, akajifuta shingo mwenyewe akaondoka.

Kinyozi akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa na hofu ya kweli sasa. Wembe umekwenda, mkasi umekwenda, na mashine nayo ikienda hana kazi tena. Alitaka kumwambia mtu, na mtu wa kumwambia habari kama hizo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anashangilia.

Aliapa kwamba Alhamisi atasema. Alipiga moyo konde njia nzima, akirudia maneno. Alipoingia, mshauri alikuwa amesimama, mikono nyuma, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shikamoo, mzee. Leo usikae kwanza. Umehitimu!"

"Nime nini?"

"Umemaliza ngazi. Juzi kwenye kikao cha wafanyakazi nilieleza habari yako, bila kutaja jina, wakapiga makofi. Mkuu wangu alipiga makofi, mzee! Yule mama hapigi makofi hata kwenye harusi. Kwa hiyo nafasi yako nitampa mwingine, kuna watu wengi wanasubiri."

Kinyozi akahisi kiti anachotaka kukalia kinavutwa. "Kwa hiyo Alhamisi nisije?"

"Alhamisi ya nini tena? Kimebaki kipimo kimoja, cha mwisho." Kijana akapapasa ndevu zake, zile za jitihada. "Kipimo ni mimi. Jumamosi nakuja dukani, uninyoe hizi. Kwa wembe. Mkuu wangu hajui, angesema hairuhusiwi, lakini mimi nataka uone ninavyokuamini."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, maneno alikuwa nayo. Kinyozi akafungua mdomo, akaona ule uso, akasema, "Karibu sana, daktari."

Jumamosi mshauri alikuja mapema, amevaa fulana. Kinyozi alimwambia maji ya moto hayapo, na birika likapiga filimbi papo hapo. Akasema brashi imemwaga manyoya. Mshauri akasema hata kwa mkono itafaa. Akasema labda waanze na nywele. Mshauri akacheka, akakaa kitini, akajilaza, akafumba macho. "Mzee wangu, hiyo ni hofu kidogo ya mwisho, nimekuambia itakuja. Ikaribishe tu."

Akaikaribisha. Alimfunga shuka shingoni, akapaka povu polepole, akapaka tena, mpaka mshauri akabaki pua na macho. Akafungua droo. Wembe ulikuwa baridi. Akautia kwenye kishikio, akashika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na kwa namna hiyo, kama watu wawili wanaobeba kabati, akaushusha kwenye shavu la kulia.

Ndevu zikatoka. Alishangaa. Mkono unatetemeka, jasho linadondoka puani, na ndevu zinatoka. Mshauri hakuona chochote, alikuwa ametulia kama mtoto anayeogeshwa. Shavu la kulia likaisha. Kidevu upande wa kulia kikaisha. Upande ule kikabaki kile kipande cha chini ya taya, penye mshipa.

"Mzee wa kidevu leo haji?" mshauri akauliza, macho bado amefumba. "Ningependa kumsalimia. Nimekuwa namfikiria, na ule mguu."

Maji yalikuwa yamemfika kinyozi shingoni, na wembe ulikuwa umefika shingoni kwa mshauri. Akautazama ule mshipa ukipiga, taratibu, kwa imani yote. Akaona haya, na haya zile zilikuwa kubwa kuliko hofu. Akaona kwamba anaweza kumkata mtu asiye na habari, au anaweza kumpa habari.

"Daktari," alisema. "Yule mzee hayupo."

"Amesafiri tena?"

"Hapana."

Macho ya mshauri yakafunguka. "Usiniambie amefariki."

"Hajafariki. Hajazaliwa."

Redio ikatangaza sabuni ya kufulia.

"Nilimtunga," kinyozi alisema, na sasa yakawa yanamwagika. "Na binti yake nilimtunga, na ukuta. Maputo yale nilitumia kijiko. Wembe huu, daktari, sijaushika tangu siku ya kwanza. Ndiyo kwanza naushika leo. Wewe ndiye wa kwanza."

Mshauri akameza mate. Kikoromeo chake kikapanda, kikashuka, na kikakutana na wembe njiani.

Yalikuwa mambo madogo, mchubuko wa urefu wa punje ya mchele. Lakini damu ikatoka, nyekundu, ikapita kwenye povu jeupe. Mshauri aliruka kitini, akashika shingo, akatazama vidole vyake, akamtazama kinyozi kama anavyotazamwa mwizi, akatoka nje na shuka lake, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo alibadilisha upande wa barabara.

Kinyozi akabaki na wembe mkononi. Ndilo hili, akajiambia. Hili ndilo lililomnyima usingizi, lililomla mchana na usiku, na sasa limetokea, tena mbele za watu. Alingoja dunia ipasuke. Birika likaacha kutoa mvuke. Nzi akatua kwenye kioo. Moyo ulimwenda mbio, kisha, kwa kuwa hakuna aliyeukimbiza, ukaanza kuchoka wenyewe. Kilichobaki kumuuma hakikuwa damu. Kilikuwa kwamba yule kijana ameondoka.

Lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama pale nje, mgongo kwa duka, shuka linapepea. Alisimama kwa muda. Halafu akageuka, akaingia, akafunga mlango kwa nguvu mpaka chupa za spiriti zikalia.

"Umenidanganya!" alisema, na sauti yake ile nzuri ya kazini haikuwepo. "Wiki baada ya wiki! Mimi nakaa natafuta namna ya kumpatanisha mzee na jirani yake! Nimesoma kitabu kizima cha ugomvi wa majirani!"

"Nisamehe."

"Wamepiga makofi, mzee! Mkuu wangu amepiga makofi kwa ajili ya kijiko!"

"Nisamehe, mwanangu. Kila nikikuambia nimeshindwa, uso wako unaanguka. Sikuweza kukuona hivyo."

Mshauri akakaa kitini, pembeni, kama mgonjwa wa siku ya kwanza. Povu lilikuwa limeanza kukauka.

"Wagonjwa wangu wengine wote," alisema mwishowe, "kila siku wananiambia hali ni ile ile. Usiku nawaza labda kazi hii siiwezi. Ulipokuja wewe na habari zako, Alhamisi nilikuwa nakuja kazini nakimbia. Sikukuuliza hata siku moja unionyeshe. Si kwamba sikuwaza kuuliza. Niliogopa jibu." Akajifuta jicho kwa ncha ya shuka. "Mimi ndiye niliyepaswa kukuona. Nilikuwa najiona mwenyewe."

Kinyozi akachukua jiwe la shabu, lile la kukausha damu, akalikandamiza pale palipochubuka. Mshauri akauma meno kwa kuwashwa. Damu ikakoma.

"Malizia," mshauri akasema, akajilaza.

"Mkono unatetemeka."

"Nauona."

"Nikikukata tena?"

"Umeshanikata. Bado nipo, na bado nina hasira na wewe. Malizia. Ila safari hii sema kila linalokupitia kichwani, usilipambe."

Kinyozi akatoa wembe mpya kwenye karatasi yake, akapaka povu jipya upande wa kushoto. Hakushika kiwiko.

"Naona nakukata hapa," alisema.

"Endelea."

"Naona damu inaruka mpaka kwenye kioo."

"Endelea. Na mimi naogopa, usisimame."

"Naona unaanguka hapo sakafuni, nami nakufagia."

Mlango ukafunguka, akaingia bwana mmoja na gazeti kwapani, amekuja kupunguza nywele. Akasimama. Akasikia kinyozi akisema polepole, "Sasa nafika kwenye mshipa wenyewe," na mteja akijibu kutoka chini ya povu, "Vizuri sana, usiharakishe." Bwana akasema samahani, akarudi kinyumenyume, akafunga mlango kwa adabu.

"Na si wembe tu," kinyozi akasema. "Mkasi pia. Na kisu cha mkate. Na tangu juzi, mashine."

"Mashine!" Mshauri alitaka kuinuka, akakumbuka wembe uko wapi. "Kwa hiyo ulikuwa unazidi kuumwa, na mimi nakuwekea alama ubaoni?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Alhamisi njoo, saa yako ile ile. Tunafuta ubao. Mkuu wangu nitamweleza Jumatatu, na ya leo pia, atanitoa roho, lakini nitamweleza." Akafumba macho tena. "Na mzee, ukija huna habari njema, usinihurumie."

Ndevu za mwisho zikatoka. Palikuwa na mchubuko mwingine karibu na sikio, mdogo zaidi, na wote wawili waliuona wakaendelea. Kinyozi akamfuta uso kwa taulo la moto, akamwinulia kiti. Mshauri akajitazama kwenye kioo. Akageuza shavu hili, akageuza lile. Akashika kidevu kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo.

"Naonekanaje?" akauliza.

Kwa swali hilo kinyozi ana jibu lake. Amelitoa kwa wenye masikio ya popo na kwa wenye vichwa vya pembe nne, kwa moyo mkunjufu, maisha yake yote ya kazi, na hata hakuwahi kulihesabu kuwa uongo. Akafungua mdomo alitoe. Akauona ule uso kwenye kioo, mtupu, unangoja, tayari kuanguka.

"Kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa," alisema.

Uso ukaanguka. Kinyozi aliuona ukianguka mpaka chini kabisa, na akasimama pale pale, hakuongeza neno. Kisha kitu kikatikisika kwenye yale mabega membamba, na mshauri akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka ule mchubuko wa shingoni ukaachia tena tone la damu. Kinyozi akanyoosha mkono kuchukua shabu. Mkono ulikuwa unatetemeka vile vile, na hakuuficha.